Siku Mshonaji Alipokata Macho ya Kikwembe

Kuna watu hapa Lubumbashi, hadi leo, wanaosema kwamba mimi nilikuwa mtu wa majandarme, wale askari wa serikali. Waseme. Nilipanda gari lao, ndiyo, tena mbele, karibu na dereva, na koti langu jeupe la muuguzi likionekana kutoka mbali. Nilipanda kwa kutaka kwangu. Kabla sijapanda, mnajua walivyokuwa wakituletea wagonjwa wa akili? Kama mifuko ya makaa. Wamefungwa kamba mikono na miguu, wametupwa nyuma ya gari, mmoja meno yamekwisha kumwagika, mwingine mkono umevunjika. Wanawashusha mlangoni pa pavilioni yetu, wodi yao hospitalini, wanasema, "Mama munganga, muntu yako huyu," halafu wanaondoka wakipiga mluzi. Nami nabaki kuosha damu ambayo si ugonjwa ulioimwaga.

Siku moja nikachoka. Nilivua aproni, nikaenda kwa miguu mpaka brigedi, kituo chao, nikaingia ofisini kwa kamanda bila kugonga mlango. Miaka ile polisi walikuwa wamekwisha kumezwa na jandarmeri, na watu walipishana na ofisi ile kwa upande wa pili wa barabara. Mimi niliingia. Nikamwambia kamanda kwamba mgonjwa akichachamaa mjini, kabla ya kumfunga mtu kamba, waje kwanza kunichukua mimi. Kamanda akacheka mpaka kofia ikateleza, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, kama sote tulivyolazimishwa kuitana.

"Sitwayene, weye utakamata wazimu na nini? Na rozari?"

"Na akili," nikamjibu. "Weye unaona kama ni kintu kidogo, juu haujayijaribu."

Haki ya Mungu, nilidhani atanitia ndani. Ila wiki ile mgonjwa mmoja alikuwa amemng'ata jandarme sikio, na wenzake walikuwa wanaogopa kuitwa tena. Basi walinikubalia kwa woga wao. Wema haukuwamo, na sikuudai. Woga ukimfanya mtu atende lililo sawa, mimi naupokea, naushukuru.

Wakanipa ajida mmoja, jandarme mwenye cheo kidogo, mtu wa kutoka kaskazini, kule kwenye mto mkubwa, mrefu, Kilingala chake kizito na Kiswahili chake cha kuokoteza. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nilimfundisha utaratibu wangu na akaushika: bunduki inabaki garini na dereva, msemaji ni mmoja tu, mimi, asimame mahali mgonjwa anapomwona, asimzungukie nyuma, asimzibie mlango. Na la mwisho, ambalo lilimshinda kulielewa kwa muda mrefu: mgonjwa hadanganywi. Ukimwambia tunakwenda hospitali, tunakwenda hospitali. Ukimdanganya leo, kesho hatoki ndani hata kwa moto.

Tulizunguka hivyo mitaa ya mji: Katuba, Kenya ile ya kwetu, Kamalondo. Tulichekwa sana. "Bwana na bibi ya wazimu," ndivyo walivyotuita. Wagonjwa wakawa wanafika pavilioni wakiwa na meno yao yote, nami nikawaacha wacheke.

Sasa niwaambie habari ya mshonaji.

Ilikuwa mchana, jua kali, nagawa dawa. Gari likasimama, ajida akashuka, na uso wake haukuwa ule wa siku zote.

"Leo iko mubaya," akasema. "Iko kesi ya Chama."

Nikamwuliza kesi gani. Akatazama nyuma kwanza. Kule Kamalondo, akasema, kuna mshonaji amepewa majora ya vikwembe, yaani vitenge, awashonee wanawake wa Chama, kile kimoja tu cha nchi nzima, watakaocheza kwenye gwaride. Vikwembe vyenyewe ni vile vyenye uso wa Mkuu wa nchi, vile vyenye uso mkubwa kifuani na mwingine matakoni. Mshonaji amejifungia ndani na makasi. Anaikata ile sura.

Eh, mama! Vijana wa sasa hawawezi kuelewa. Siku zile hata muuza karanga alikuwa analigeuza gazeti kwanza kabla ya kulikunja, aone kama ile picha haimo, maana kufungia karanga ndani ya uso ule ilikuwa neno la kukutoa nyumbani. Na huyu anaukata kwa makasi!

"Kamanda anasema tumupeleke kule," ajida akasema.

Kule. Hakuna aliyekuwa anapataja kwa jina. Ilikuwa nyumba tu, villa yenye mlango mweusi, bila kibao. Wagonjwa wangu wawili walipitia mlango ule kwa sababu walipiga kelele mbaya mahali pabaya, na mgonjwa wa akili hachagui maneno. Nilikwenda kuwaulizia, tena si mara moja. Walinzi wa mlangoni walinijibu kwamba watu hao hawajawahi kufika pale. Basi nilijua vizuri, na ajida alijua, kwamba mshonaji akipelekwa kule, mke wake aanze kutafuta kitambaa cheusi.

"Mimi naenda kuchukua mugonjwa," nikamwambia. "Mugonjwa anapelekwa ku hopitali. Kama uko na neno ingine, uniambie sasa, nishuke."

Aliniwekea mlango wa gari wazi.

Barabara ilikuwa imejaa. Kamalondo watu wanaishi nje, na siku ile hata baa ilikuwa imezima muziki wake. Mke wa mshonaji alisimama kwenye baraza, mikono kichwani. Mume wake hajalala tangu majora yale yaingie nyumbani, aliniambia. Hali chakula, anaongea peke yake, anamfukuza hata yeye. Alikuwa mtu mpole, fundi ambaye wanawake wa mjini waligombania zamu kwake, na sasa ndani mle ilisikika sauti ya makasi tu.

Nikasukuma mlango, nikakaa chini kwenye kizingiti. Alikuwa nyuma ya mashine yake, kifua wazi, macho mekundu. Na sakafuni, jamani, sakafuni palikuwa pamejaa viduara vidogo vya kitambaa. Nikaokota kimoja. Jicho. Kingine, jicho. Hakugusa mdomo, hakugusa kofia ya chui, hakugusa hata fremu za miwani. Alikuwa anatoa macho tu, kwa ufundi kabisa, bila kuchana kitambaa.

"Jambo, baba."

"Usiingie. Banatazama."

"Nani banatazama?"

"Hawa bote! Minabaambia balale, banakatala. Usiku muzima banafungula macho tu. Nikigeuka huku, banatazama. Nikigeuka kule, banatazama."

Nitasema leo nilichokifikiri, kwa kuwa siku ile nilikimeza. Nilimwelewa vizuri mno. Mji mzima ulikuwa haulali kwa ajili ya macho yale. Yalikuwa ofisini, shuleni, kwenye noti, kwenye beji za vifuani. Watu wenye akili timamu tulikuwa tunayapigia makofi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tumekivaa na kukifunga kiunoni. Alihitajika mgonjwa ili achukue makasi.

"Na weye haulale tangu lini, baba?"

"Nikilala, nani atabaangalia?"

Hapo ndipo nilipokwama. Ukimwambia mtu wa namna ile kwamba macho hayamwoni, unamwambia kwamba wewe ni mwongo. Nikageuka, nikamwona ajida amesimama uani mahali nilipomfundisha kusimama, mikono ikionekana.

"Ajida atabaangalia," nikasema. "Njo kazi yake, kuangalia bantu."

Mshonaji akamgeukia. Ajida akavua kofia. Akaingia polepole, akakaa kwenye kibao cha wateja, akakazia macho yale majora kana kwamba amepewa zamu ya kulinda benki.

"Niko nabaangalia," akasema. "Weye enda kupumuzika."

Na mshonaji akamnyooshea makasi. Akamwambia, "Shika. Bakifungula, kata."

Mungu wangu. Mlangoni watu walikuwa wanachungulia. Jandarme wa serikali, ajida mzima, mbele ya Kamalondo yote, kupokea makasi ya kukatia macho ya Mkuu! Nilidhani atakataa. Akanyoosha mkono, akayapokea, akayashika wima gotini. Toka siku ile, mtu akimsema ajida yule vibaya mbele yangu, namkatiza.

"Tunaenda wapi?" mshonaji akaniuliza.

"Ku hopitali. Utalala."

"Si pengine?"

"Si pengine."

"Apa."

Nikaapa. Kwa kaburi la mama yangu, aliyezikwa mbali, Kasai. Nikamchoma sindano palepale, kwenye mkono, akanipa mkono mwenyewe. Tukatoka, mimi ubavu huu, mke wake ubavu ule, ajida nyuma na makasi yake.

Hatujafika garini, gari jingine likapiga breki. Akashuka Mama wa Chama, kiongozi wa wanawake wale, mwenye majora yake. Alikuwa mtoto wa Kamalondo huyu, wa familia za zamani za hapa. Mama yake aliuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, sokoni. Sasa alikuwa amehamia Golf, mtaa wa matajiri, ndani ya villa ya Mbelgiji aliyeondoka, na kichwa chake kilikuwa kimehamia juu zaidi. Alikuwa amevaa kikwembe kilekile, uso mbele, uso nyuma. Na alikuja na vijana wawili wa Chama, mashati ya kijani, watu wa mbali ambao hakuna aliyewajua.

"Huyu anakuya na shiye," akasema. "Ajida, mutie mu gari yangu."

"Ni mugonjwa," nikasema.

"Sitwayene, sikukuuliza weye. Amekata uso wa Mukubwa. Huyo si mugonjwa, ni muasi."

Ajida akanitazama. Nilijua hesabu aliyokuwa anaipiga kichwani: ana mke, ana watoto, na mkononi ana makasi. Nami nilikuwa nimeapa. Hasira ilinipanda hadi masikio yakavuma. Nikaona nitakuwa mwongo kwa mtu ambaye amenipa mkono wake nimchome, nikaona heri nami niende kule pamoja naye.

Wakati huo mshonaji akainua kichwa. Dawa ilikuwa inaanza kumlegeza, ulimi umekuwa mzito. Akamtazama Mama wa Chama toka kichwani hadi viatuni. Nikamshika kiwiko kwa nguvu, maana mwanamke yule alikuwa amevaa macho manne.

"Eh, weye mbuzi," mshonaji akasema. "Nani alikuvalisha manguo? Leo Chui akikukula, atatapika pembe."

Kijana mmoja wa Chama akapiga hatua. Nami nikafumba macho, nasubiri kofi au risasi. Nikasikia nini? Kicheko. Mama mmoja mzee aliyekuwa anauza samaki wakavu akacheka, akajipiga mapaja, akafuatwa na mwingine, na mwingine, mpaka baraza zote zikawa zinacheka.

Hapa inafaa nieleze, maana sisi watoto wa Kasai hatuna jambo hili, nami nililijua kwa kukaa tu na majirani. Watu wa hapa wana koo zao, na koo zina bunungwe, yaani utani wa kuzaliwa nao. Ukoo wa Chui na ukoo wa Mbuzi ni watani. Mtani wako atakutukana mbele ya mkwe wako, atachukua kuku wako ampike, ataharibu kitu chako, nawe huna kesi. Ukikasirika, umejiaibisha wewe. Ukienda kumshitaki, ndiyo mbaya zaidi: siku ukifa, nani atakuzika? Kwa maana mtani ndiye anayechimba kaburi. Na mshonaji alikuwa wa Chui. Na Mama wa Chama, pamoja na villa yake yote, alikuwa wa Mbuzi. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya mtu yule usingizi, chakula, hata mke wake, lakini haukumnyang'anya mtani wake. Alimwona akamjua.

Sikufikiri mara mbili. Nikapaza sauti ili hata wa baa wasikie.

"Mama! Weye si wa Mbuzi?"

Akarekebisha kilemba chake.

"Nauliza tu, miye mugeni. Tangu lini Mbuzi anapeleka Chui ku kesi? Bikwembe ni bya nani? Ni bya kwako. Nani ameharibu? Munungwe yako. Sasa kesi iko wapi?"

"Weye mwanamuke, unajua unasema na nani?"

"Najua. Nasema na Chama. Si Chama njo ilituambia turudie desturi ya bankambo betu ba zamani? Tuache majina ya Kizungu, tuache manguo ya Kizungu? Tuliacha. Hii si desturi ya bankambo? Ama desturi ni ya kucheza ngoma tu, siku ya gwaride?"

"Kweli!" mtu akapiga kelele. "Kweli kabisa!" Na yule mama wa samaki, ambaye kwa umri wake hakuwa na cha kupoteza, akamwita Mama wa Chama kwa jina lake la utotoni, lile la sokoni, akamwambia, "Mutoto, mujibu munungwe yako. Anakungojea."

Wale vijana wa mashati ya kijani walikuwa wanageuza macho huku na huku, hawaelewi kitu. Yeye alielewa. Nilimwona anatazama baraza baada ya baraza. Watu wote waliokuwa wanamcheka ndio ambao wangelala chini kwenye msiba wake siku moja, au wasingelala. Golf hakuna wa kukulilia. Kule majirani wana mbwa tu. Jasho lilimtoka chini ya kilemba.

Kisha akatia mikono kiunoni.

"Weye Chui ya bila meno!" akapaza sauti, na sauti yake ilikuwa ile ya sokoni, si ile ya mikutano. "Weye paka ya jalala! Ukikufwa, ni miye nitakuchimbulia shimo, na nitalichimba fupi, miguu yako ibakie inje, mbwa bacheze nayo!"

Barabara ililipuka. Watu walirukaruka, walikumbatiana. Mshonaji mwenyewe akatabasamu, taratibu, kichwa kikiangukia bega la mkewe. Msifikiri mwanamke yule aliona huruma. Alibanwa ukutani na akachagua mlango uliobaki. Alimwambia ajida, "Mupeleke ku bawazimu benzake," kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Weye munganga, nitakukumbuka." Na alinikumbuka kweli. Mwezi haukupita nikahamishiwa Mokambo, mpakani, kwenye dispensari isiyo na kitanda, nikawa nawafunga vidonda wapita njia wa Zambia. Walipoona imetosha, wakanirudisha. Sikumwomba mtu msamaha, na ingekuwa leo ningesema vilevile, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Garini dereva alipunguza mwendo kwenye njia panda. Kushoto ni hospitali. Kulia ni kule. Alikuwa na amri ya kamanda, na ile ya Mama wa Chama haikuwa imeandikwa popote. Akamgeukia ajida. Ajida alikuwa bado ameshika makasi gotini.

"Hopitali," akasema.

Mshonaji alilala. Alilala mpaka tukawa tunamwekea mkono puani tuone kama anapumua. Alipoamka aliomba bukari, ugali wetu. Baada ya muda alirudi kwake, akili zake kamili, na ajida akanitumia salamu Mokambo kwamba mgonjwa wetu ameonekana amekaa kwenye baraza yake.

Niliporudi mjini, jambo la kwanza lilikuwa kwenda kumwona. Nilimkuta mbele ya mashine, sindano mkono huu, uzi mkono ule. Mikono ilikuwa inatetemeka. Dawa zetu za siku zile zilikuwa na tabia hiyo: zinatuliza kichwa, zinatetemesha vidole. Alilenga tundu la sindano, akakosa. Akalenga tena, akakosa. Mke wake ndiye aliyekuwa anamtilia uzi, na wateja walikuwa wamekwenda kwa wengine.

Aliponiona, akaweka sindano chini.

"Ni weye uliniua mikono," akasema. "Fundi bila mikono ni nini? Uliniapia. Juu ya nini haukuniacha na makasi yangu?"

Akanitukana. Haukuwa utani, mimi si wa Mbuzi. Alinitukana matusi ya kweli, ya mtu aliyeumia, mimi, na hospitali yangu, na kaburi lile nililoliapia. Majirani wakatoka. Nilimwambia dozi inaweza kupunguzwa, aje pavilioni nimpeleke kwa daktari mwenyewe. Akatukana na daktari. Iliniuma, sitasema uongo, iliniuma kuliko Mokambo. Mke wake akanishika mkono, ananiomba nimsamehe.

"Muache," nikamwambia. Nikavuta kile kibao cha wateja, nikakaa. "Tukana, baba. Kesho nitapita, utukane tena. Bale banapelekwa kule, minapitaka sana pa mulango yabo. Hakuna hata mumoja ananitukana."